Upepo wa Saa Nane

Watu wa mtaa wa Nyakato, Musoma, wanakubaliana juu ya mambo mawili tu: kwamba joto la mwaka huu halijapata kuonekana, na kwamba Mama Rhobi hajapata kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. La kwanza husemwa kila mwaka. La pili ni kweli.

Jina lake la ubatizo ni Dafroza. Alizaliwa kijijini Butiama, mtoto wa tano katika nyumba ambayo ng'ombe walihesabiwa kila jioni na watoto mara moja moja. Alipofika miaka kumi na sita alikwenda Bunda kwa shangazi yake, akaanza kuuza karanga na mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya mabasi. Stendi ndiyo iliyokuwa shule yake. Alijifunza kwamba abiria ana dakika tatu na njaa, muuzaji ana siku nzima, na mwenye haraka ndiye anayelipa. Akajifunza na la pili, ambalo amelishika kuliko Salamu Maria: ukionyesha kwamba unakipenda kitu, bei imeshapanda. Kwa masomo hayo mawili alitoka kwenye karanga akaingia kwenye mabeseni na ndoo, akatoka Bunda akaja Musoma, akajenga nyumba ya vyumba vitatu, akamsomesha binti yake Rhobi mpaka akaolewa Tarime, akamzika mume. Hata jeneza, wanasema, lilishuka bei mara mbili, na marehemu mwenyewe angejivunia.

Sasa joto. Mvua za vuli zikishakatika, jua la Musoma linashuka kuja kukaa na watu kama mgeni asiyeulizwa ataondoka lini. Saa sita mchana bati linaanza kulia ta, ta, ta. Bomba, siku likiamua kutoa maji, linatoa chai isiyo na majani. Wageni wanasema, "Nyie mna bahati, mna ziwa." Ziwa liko pale kweli, jeupe kama sufuria mpya, lakini kuliona ziwa hakumpozi mtu, kama vile kuiona benki kusivyomtajirisha.

Ila benki, Dafroza aligundua, inapoza. Kila Jumanne na Alhamisi saa tano asubuhi aliingia katika benki moja ya mjini, akachukua namba ya foleni, akakaa kwenye kiti cha sponji chini ya kiyoyozi. Namba yake ilipokaribia, alimgeukia aliye karibu: "Baba, naona una haraka. Chukua yangu, nipe yako." Watu walimshukuru, wengine wakamwombea baraka. Alipoza mwili saa nzima na nusu, akatoka na sifa ya ukarimu, bila kufika dirishani. Mlinzi alipoanza kumtazama sana, siku moja alifika kweli, akauliza riba ya mkopo, akashtuka kwa sauti, akaenda zake.

Soda nayo hakuinywa hivi hivi. Kwanza aliipitisha shingoni, nyuma ya masikio, kwenye viwiko, mpaka chupa ikatoa jasho lake lote, ndipo akaifungua.

"Bei moja, kazi mbili," alimwambia Shida, mwenye genge la pale kona.

"Mama Rhobi, siku ukisema imekuwa ya moto uirudishe, sipokei."

"Mimi nimewahi kukurudishia soda?"

"Ulijaribuga wiki ya jana!"

"Nilikuwa napima akili yako."

Lakini raha iliyozidi zote ilikuwa ya bure, na labda ndiyo maana alikuwa hajamwambia mtu. Nyumba yake imepeana mgongo na nyumba ya Mwalimu Baltazar. Kati yao hapakuwa na uzio, ni mawe mawili tu ya mpaka. Kila siku saa nane, upepo wa ziwani unaamka, unapenya kati ya nyumba ya Mwalimu na tangi lake la maji, unavuka ua na kufika moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma wa Dafroza. Saa saba na nusu alifunga duka, kwani nani hununua ndoo saa nane mchana? Alimwaga maji kwenye sakafu ya saruji, akaweka kiti cha kamba kizingitini, akavua kilemba, akapandisha gauni juu ya magoti, akafumba macho. Upepo ulimkuta hapo. Kwa saa mbili nzima Dafroza hakumtaka mtu yeyote apunguze chochote.

Mwalimu Baltazar ni mkuu wa shule mstaafu na mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, na mtaa unamjua kwa koti. Ni koti la kijivu. Analivaa sokoni, msibani, kwenye foleni ya maji. Jua likiwavua wengine mashati, yeye anafunga kifungo cha pili. "Mtu anayelegezwa na hali ya hewa," aliwahi kusema kwenye jumuiya, "atalegezwa na shetani pia." Watu waliitikia kwa heshima huku wakijipepea kwa vitabu vya nyimbo.

Saa nane, hata hivyo, koti lilikuwa msumarini. Mwalimu alikaa nyuma ya nyumba yake, katika njia ileile ya upepo, tumbo wazi, kiunoni khanga ya mke wake Justina, miguu miwili ndani ya beseni la maji, mkononi kipande cha tikiti ambalo maji yake yalimchuruzika mpaka kitovuni. Dafroza alimwona kila siku kabla ya kufumba macho, kama anavyoliona tangi. Hakumsimulia mtu. Habari hiyo haikuwa na mnunuzi.

Basi Jumatatu moja alitoka nje akakuta kamba imevutwa kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka, na fundi Magesa anachimba.

"Fundi, kulikoni?"

"Ukuta, mama."

"Wa nini?"

"Wa Mwalimu."

"Nimekuuliza wa nini, sijakuuliza wa nani."

"Mama, mimi nikianza kuuliza watu ukuta wa nini, nitajenga lini? Kasema kozi sita."

Kozi ni mstari mmoja wa matofali. Dafroza alirudi kitini, akakaa, akapima kwa jicho. Kozi nne, upepo utamfikia usoni na shingoni. Kozi tano, utamchezea nywele tu na kuendelea na safari yake. Kozi sita, yeye atakuwa mkate na ua wake utakuwa tanuri. Akaamua papo hapo: ukuta huo usizidi nne.

Mtu mwingine angevuka akasema, jirani, unaniziba upepo. Lakini Dafroza alikuwa mfanyabiashara. Aseme anaupenda upepo, Mwalimu ajue ana kitu kinachopendwa? Hapana. Angemshusha kozi bila kuutaja upepo hata mara moja.

Jumanne alianza na mpaka.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Mama Rhobi." Koti lilikuwa limefungwa mpaka juu.

"Fundi wako ameingia kwangu hatua moja."

Alitegemea mabishano, na katika mabishano ukuta ungesimama hata miezi mitatu. Nyakato kuna misingi iliyobishaniwa mpaka ikaota majani. Lakini Mwalimu hakumtazama hata usoni. Akasema haraka, "Kama nimeingia, narudi. Sitaki ugomvi na mjane." Akarudi nyuma hatua nzima, akamwambia Magesa, "Na kwa kuwa sasa ni ukuta wa mpaka, ufanye wa heshima. Weka kozi saba."

Jumatano Dafroza alikuja na maji.

"Masika ikifika, Mwalimu, ukuta wako utazuia maji upande wangu. Nitalala na vyura."

"Hoja ya msingi," alisema Mwalimu, bado akitazama pembeni. "Fundi, acha matundu chini."

"Nikiacha matundu chini, Mwalimu, msingi inabidi uwe mpana," alisema Magesa, ambaye analipwa kwa siku. "Na msingi mpana ukiubebesha kozi saba tu, watu watanicheka. Nane."

"Nane," alisema Mwalimu.

Alhamisi alijaribu wezi. Akasema ukuta ni maficho, mwizi anajibanza nyuma yake mchana kweupe, afadhali pakae wazi watu waonane. Alipotamka neno "waonane", Mwalimu alishtuka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Umesema kweli kabisa kuhusu wezi. Fundi! Kozi tisa, na juu yake chupa zilizovunjwa."

Jioni hiyo Dafroza alipiga hesabu zake upya. Amenunua mabeseni kwa Wachina, amenunua kiwanja kwa ndugu wanne wasiosemeshana, na hajawahi kuona mauziano ambayo kila akivuta bei chini inapanda. Ukuta wenyewe ulikuwa umefika kozi ya tatu. Ulikuwa ungali huko kwa sababu moja: kila walipobishana, Magesa aliweka mwiko chini, akalala kwenye kivuli cha tangi na kofia usoni, mtu pekee katika mtaa mzima aliyefaidi joto la mwaka ule.

Ijumaa, Justina aliingia dukani kununua beseni.

"Si nilikuuzia moja Desemba?" aliuliza Dafroza. "Zito. Nikakwambia hili halipasuki."

"Limepasuka."

"Mmelifanyaje?"

Justina akatazama mlangoni, akasogea. "Mama Rhobi, wewe unajua limepasukaje. Ni ile Jumapili uliyomsalimia Mwalimu."

"Kumsalimia ni kosa?"

"Alikuwa amekaa kule nyuma. Miaka minne mnakaa hapo, kila mtu na macho yake, hakuna neno. Jumapili ukasema nini? Shikamoo!"

"Nilifumbua macho nikamkuta ananitazama. Mtu mzima anakutazama, mimi mtoto wa watu niliyelelewa Butiama, nitanyamaza?"

"Ungenyamaza! Aliruka, mguu mmoja ndani, mwingine ukakanyaga ukingo, pwaa! Khanga yangu nyekundu ikabaki kwenye tope. Tangu hapo hali vizuri. Anasema, 'Justina, kama amenisalimia, basi ameniona.' Alidhani humwonagi."

"Kwa hiyo ukuta..."

"Ukuta ni wa khanga, dada. Mwenyewe anasema wa usalama. Nipunguzie hili, hili la bluu."

Dafroza alimpunguzia bila kusumbuliwa, na Justina akatoka na wasiwasi kwamba mwenzake anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa anafikiri. Siri ya Mwalimu, iliyokuwa haina mnunuzi, ghafla ilikuwa na mnunuzi mmoja mwenye shida kubwa. Angeweza kumwendea akasema: simamisha ukuta, au jumuiya yote itajua koti linalala wapi saa nane. Alilitazama wazo hilo kama anavyotazama ndoo ya bei rahisi, akaligeuza chini juu. Siri unaiuza mara moja tu. Ukishaiuza, mnunuzi anakuchukia maisha yote, na huyu mnunuzi nyumba yake ndiyo iliyoshika mlango wa upepo. Akaliacha.

Ikabaki njia moja, na ilimuuma kama kulipa nauli ya mtu mwingine.

Jumamosi asubuhi Magesa alimaliza kozi ya nne na kuanza kuchanganya udongo wa ya tano. Mwalimu alisimama upande wake, koti limefungwa. Dafroza alisimama upande wake, mikono kiunoni.

"Mwalimu. Mimi nataka upepo."

"Upepo gani?"

"Wa saa nane. Unapita kwako, unakuja kwangu. Ukuta ukizidi hapo ulipofika, siupati tena."

Mwalimu alimtazama usoni kwa mara ya kwanza wiki nzima. Alikuwa na sura ya mtu aliyeokota noti barabarani na anaangalia kama mwenyewe yuko karibu.

"Kumbe," alisema.

Katika hiyo "kumbe" Dafroza aliisikia bei ikipanda. Alikuwa amemfundisha mwenyewe kupandisha, kwa siku tatu, bila ada.

"Fundi, pumzika kidogo," alisema Mwalimu, na Magesa hakuhitaji kuambiwa mara mbili. "Mama Rhobi, kozi nne zinawezekana. Lakini kiti chako kinatazama huku. Kitazame ndani."

"Niupe upepo mgongo?"

"Mgongo."

"Ubavu."

"Mgongo, Mama Rhobi."

"Ubavu wa kushoto, na macho nafumba."

"Macho yana tabia ya kufumbuka."

Dafroza akashusha mikono kutoka kiunoni. "Haya, mgongo. Tumemaliza?"

"Bado. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi, hakuna salamu."

"Hata ukinitazama?"

"Hutajua kama nakutazama, utakuwa umenipa mgongo."

"Ukianguka je?"

"Usinisalimie."

"Ukifa?"

"Hapo utamwita Justina."

Hakuna aliyetaja khanga. Hakuna aliyetaja beseni. Walipeana mikono juu ya kozi ya nne, na Magesa, aliyesikia kila kitu chini ya kofia yake, alisikitika kwa kozi tano zilizokufa kabla ya kuzaliwa.

Upepo wa shingoni, Dafroza aligundua, si sawa na wa kifuani, ila unafaa. Unaingia kwenye ukosi, unashuka uti wa mgongo polepole kama mtu anayetafuta kitu. Alijipa wiki moja, akauzoea.

Mtaa ndio haukuzoea. Shida wa genge ndiye aliyeona kwanza: ukuta umejengwa, kiti kimegeuzwa, na watu wawili wako hatua kumi mmoja kwa mwenzake hawasalimiani. Huku kwetu mtu humsalimia hata anayemshtaki mahakamani. Kutosalimiana ni vita. Jumapili jumuiya iliwaombea. Wiki iliyofuata katibu wa jumuiya, Clementi, alitumwa kwenda kuwapatanisha, na kwa kuwa alitaka kumkuta Dafroza nyumbani kwa uhakika, alifika saa nane na nusu, na daftari.

Mgeni hukaribishwa kiti, na kiti kilikuwa kimoja. Clementi alikikalia.

"Mama Rhobi, jumuiya imesikitishwa na..." Upepo ulimfikia shingoni. Akalegeza tai. "...imesikitishwa sana." Akafumba macho. "Hapa kwako panapepea hivi kila siku?"

"Leo tu," alisema Dafroza, amesimama juani.

"Unajua, upatanisho si jambo la siku moja." Alinyoosha miguu. "Naona nitahitaji kuja kesho, na keshokutwa. Muda kama huu huu."

Dafroza amewatazama wateja miaka thelathini. Alimjua huyu: ni wa kurudi kila siku na kugusa kila ndoo.

"Tumeshapatana," alisema.

"Lini?"

"Sasa hivi. Andika."

"Siwezi kuandika bila kusikia. Msalimie."

"Saa hii?"

"Kuna saa ya kusalimia?"

Akapiga hesabu upesi. Asiposalimia, Clementi atahamia hapa mpaka masika. Akisalimia, amevunja mkataba. Akaupa ukuta mgongo, angalau hilo alishike, akapaza sauti: "Mwalimu, shikamoo!"

Upande wa pili maji yakamwagika, kitu cha plastiki kikabiringika.

"Marahaba! Nani yuko hapo?"

"Ni Clementi wa jumuiya, Mwalimu! Anaondoka!"

"Siondoki," alisema Clementi, akijiinua. "Ngoja nimsalimie mwenyekiti."

Dafroza alimkandamiza bega akarudi kitini. "Kaa. Mwalimu anasali."

"Saa hii, na jua hili?"

"Rozari. Kila siku saa nane. Ndiyo maana simsalimiagi, namwachia utulivu wake."

Clementi alivua kofia. Akaandika kwenye daftari, na Jumapili akalisoma mbele ya wote: kwamba hapakuwa na ugomvi wowote, kwamba mwenyekiti wao, wakati wengine wamelala chini ya bati, yuko juani na rozari, na bila shaka na koti lake. Watu walipiga makofi. Mwalimu Baltazar aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na Justina akapata kikohozi kilichomtoa nje.

Jumatatu asubuhi Magesa alirudi na mwiko. Dafroza alimsikia kutoka dukani, akaja nyuma.

"Kozi ngapi?"

"Moja tu, mama. Kasema wewe utajua ni ya nini."

Alijua. Shikamoo moja, kozi moja. Aliitafuta sehemu ya kushushia bei hiyo akaikosa. Akasubiri Magesa amalize, akamwuliza kuhusu matofali yaliyobaki. Magesa akasema ni ya Mwalimu. Dafroza akasema yaliyovunjika pembe si ya mtu. Wakabishana mpaka Magesa akachoka na kwenda kulala, na matofali manane yakavuka mpaka, mengine yakivunjwa pembe njiani.

Saa nane alikuwa ameyapanga mbele ya mlango, kiti juu yake, mgongo kwa Mwalimu. Ilimbidi apande kwa ndoo iliyogeuzwa, na miguu ilining'inia kama ya mtoto kwenye benchi la kanisa. Shida alipita, akasimama, akamtazama.

"Mama Rhobi, huko juu unafanya nini?"

"Nyamaza, unaniziba."

Upepo ulipita juu ya kozi ya tano, ukamkuta shingoni. Akafumba macho.